Vinara wa Magari ya Pedeli, na Zamu ya Mjimwema

Msafara wa harusi mjini Songea una utaratibu wake. Bodaboda zinatangulia zikipiga honi, pikapu inafuata imebeba wapiga matarumbeta, kisha gari la maharusi, na wote wanakwenda polepole ili majirani wapate kutoka nje na kushangilia. Pikapu inanguruma kwenye gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho, mafuta yanaungua, na mwendo haufiki kilomita 10 kwa saa. Kwa mwendo huo, miguu ya marafiki kumi inatosha.

Gari la sherehe linaloendeshwa kwa pedeli na watu wengi si ndoto ya kijiweni. Limeshatengenezwa, limeshavunja rekodi, limeshapelekwa mahakamani, na limeshawekwa makumbusho. Hapa nimewapanga vinara wake: la kale, lililobeba wengi, refu, la duara, lililoenea, la kasi. Nimewapanga kwa sababu naamini kundi la marafiki wa Mjimwema, hapa Songea, linaweza kuunda la kwao, na anayetaka kuunda ajue kwanza wenzake walifika wapi.

La kale: Dover, 1851

Kabla baiskeli ya magurudumu mawili haijapata pedeli, seremala Willard Sawyer wa Dover, Uingereza, alikuwa akitengeneza vigari vya magurudumu manne vilivyoendeshwa kwa kukanyaga. Mwaka 1851 alivipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London, mbele ya wageni kutoka kila pembe ya dunia. Magurudumu yake yalikuwa ya mbao, lakini uamuzi wake wa msingi ulikuwa sahihi na umedumu hadi leo: chombo cha watu wengi kikisimama juu ya magurudumu manne, hakuna anayehangaika kutafuta mizani, na kila mtu anabaki na kazi ya kukanyaga tu.

Lililogawa nguvu: Coventry, 1877

James Starley wa Coventry alitengeneza chombo cha watu wawili kukaa ubavu kwa ubavu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akikiendesha na mwanawe William, mmoja alikanyaga kwa nguvu kuliko mwenzake, gurudumu la upande wake likaenda kasi, chombo kikapinda na kuwatupa kando ya njia. Starley akarudi kwenye meza yake ya kazi, na mwaka 1877 akatoa gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili huku kila moja likiruhusiwa kuzunguka kwa kasi yake.

Gia hiyo ndiyo difu. Ipo chini ya kila pikapu, kila lori na kila basi linalopandisha milima ya Lukumburu kuja Songea. Starley aliifunga kwenye chombo cha pedeli kabla gari la petroli halijazaliwa, kwa sababu wakanyagaji wawili hawakuwa na nguvu sawa. Fundi wa leo akichomoa difu kwenye gari bovu na kuifunga kwenye gari la pedeli, anafuata nyayo za Starley.

Lililopanga wengi kwenye mstari mmoja: Waltham, 1896, na Westmalle, 1979

Mwaka 1896 kiwanda cha Waltham, Massachusetts, kilichouza baiskeli za Orient, kiliunda baiskeli ya watu kumi walioketi mmoja nyuma ya mwingine. Waliiita Oriten. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 7 na uzito wa kilo 138 ikiwa tupu. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn, Marekani.

Wabelgiji waliizidi mbali. Tarehe 20 Aprili 1979, kundi la Westmalle lilipanda baiskeli moja likiwa na watu 35. Chombo hicho kilikuwa na urefu wa mita 20.4 na uzito wa tani 1.1. Kilikwenda takriban mita 60.

Watu 35 walitoa jasho kwa umbali ambao mtoto anakimbia kufuata mpira. Heshima yao ni kubwa, kwa kuwa kuwatuliza watu 35 juu ya magurudumu mawili ni kazi ya kutisha. Ila kwa sherehe, mpango wa kukaa mmoja nyuma ya mwingine una kasoro ambayo hakuna fundi wa kuirekebisha: kila mtu anautazama mgongo wa mwenzake. Mazungumzo hayapo, na wimbo hauitikiwi vizuri.

Refu: Prinsenbeek, mita 55.16

Rekodi ya baiskeli ndefu imepita mikono mingi. Mwaka 2020 Bernie Ryan wa Australia aliifikisha mita 47.5. Mwaka 2024 ikachukuliwa na Waholanzi wanane wakiongozwa na Ivan Schalk, kutoka kijiji cha Prinsenbeek, kwa baiskeli ya mita 55.16. Mmoja anakaa mbele na kushika usukani, wenzake wanakanyaga nyuma kabisa.

Jambo la kuangalia hapa ni kijiji chenyewe. Prinsenbeek kinajulikana Uholanzi kwa sherehe za karnivali, na ufundi wa kuunda magari ya kuonyesha barabarani umo mikononi mwa watu wake. Wavunja rekodi hawakutoka kwenye kampuni kubwa ya magari. Walitoka mahali ambapo kuunda kitu cha sherehe pamoja ni desturi, na desturi hiyo ikawapa mafundi.

La duara: gari la mikutano, 1991

Msanii Mmarekani Eric Staller alibadilisha swali. Mwaka 1991 alibuni chombo ambacho watu wanakaa kwa duara, wote wakitazamana, kila mmoja na pedeli zake. Chombo kilichoingia sokoni kinabeba watu 7: mmoja anaendesha, sita wanakanyaga kama watu waliozunguka sinia la pilau. Kimesambaa nchi nyingi. Kinatumiwa kutembeza watalii, kwenye mikutano ya makampuni, hata kuwafurahisha watu wasioona wanaotaka kuendesha baiskeli pamoja na marafiki.

Katika orodha hii nzima, hapa ndipo ninapoweka medali ya ubunifu. Staller hakutafuta urefu wala kasi. Alitafuta nyuso.

Lililoenea, na lililofukuzwa: Uholanzi, 1997

Mwaka 1997 Henk na Zwier van Laar waliunda gari la pedeli lenye kaunta katikati, paa juu, na viti pande zote mbili. Linabeba watu hadi 17, na kwa kawaida kumi ndio wanaokanyaga. Urefu wake ni kama mita 5.3 na upana mita 2.3. Dereva hakanyagi, kazi yake ni usukani na breki. Mwaka 2007 wazo hilo lilianza kazi Minneapolis, Marekani, na kutoka huko likaenea miji mingi.

Lakini waliopanda walikuja kunywa, na mitaa ikachoka. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani iliamua kwamba chombo hicho barabarani ni sherehe zaidi kuliko usafiri, hivyo kinahitaji kibali maalumu. Mwaka 2017 Amsterdam ilikipiga marufuku katikati ya jiji. Wenyeji walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu kelele, ulevi na foleni.

Sisi tulio nyumbani tusome hukumu hizo kwa makini. Kilichofukuzwa Amsterdam ni pombe na usumbufu wa kila siku kwenye mitaa ya watu. Gari la pedeli lenye matarumbeta, maji ya kunywa na soda, linalotoka siku ya shughuli tu na mtaa ukiwa umearifiwa, ni kitu kingine. Anayekanyaga asinywe, kama vile dereva asivyotakiwa kunywa.

La watoto: basi la shule la Uholanzi

Kiwanda cha Tolkamp cha Uholanzi kimetengeneza basi la shule la pedeli. Watoto 8 wa miaka 4 hadi 12 wanakanyaga, mtu mzima mmoja anaendesha, na kuna viti vitatu visivyo na pedeli kwa wengine. Mlimani, mota ndogo ya umeme inasaidia. Kati ya vinara wote, hili ndilo lenye faida ya kila siku iliyo wazi: linamfikisha mtoto shuleni akiwa ameamka na ameshafanya mazoezi.

Shindano la furaha: Ferndale, 1969

Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Ferndale, California, msanii Hobart Brown aliibadilisha baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu ikawa ya matano. Msanii mwenzake, Jack Mays, akamwambia anaweza kuunda bora zaidi. Wakashindana kwenye barabara kuu ya mji, na wote wawili wakashindwa na mtu wa tatu aliyekuja na kobe wa magurudumu anayetoa moshi.

Mzaha ule wa majirani ukawa mbio za kila mwaka. Leo makundi ya marafiki yanatoka Arcata hadi Ferndale kwa siku tatu, juu ya sanamu kubwa za magurudumu walizoziunda wenyewe, wakipita lami, mchanga, matope na maji, bila injini. Mwanzo wake ulikuwa watu wawili wa mtaa mmoja waliobishana nani fundi zaidi, na ubishi wa aina hiyo hata kwetu haujawahi kukosekana.

La kasi: Nevada, kilomita 144.17 kwa saa

Septemba 2016, kwenye barabara tambarare ya Battle Mountain, Nevada, Mkanada Todd Reichert alikanyaga chombo kilichofunikwa mwili mzima, kinachoitwa Eta, hadi kilomita 144.17 kwa saa. Reichert alikuwa peke yake ndani, amelala karibu na lami. Namtaja ili msomaji ajue nguvu za miguu zinaweza kufika wapi upepo ukidhibitiwa. Kwenye sherehe kasi yake haina matumizi.

Vinara wa kwetu

Afrika Mashariki ina ufundi wake wa nguvu za mwili, na tusiuonee haya. Kinara wa mzigo ni chukudu ya Goma: chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mamia ya kilo za viazi, mkaa na makabichi kikiteremka kutoka vijijini. Mji wenyewe umekisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Kinara wa jina ni bodaboda, iliyoanza kama baiskeli za kuvusha abiria kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, pale Busia, na sasa jina lake linajulikana bara zima. Dar es Salaam ina guta, baiskeli ya magurudumu matatu inayobeba mizigo sokoni.

Arusha ndiyo inayoongoza kwa uvumbuzi wa pedeli. Fundi Bernard Kiwia ametumia vipuri vya baiskeli kuunda pampu ya maji, mashine ya kufulia na chaja ya simu, na amesaidia kuanzisha karakana ya Twende inayowafundisha wengine kubuni. Mwaka 2009, Jodie Wu alianzisha kampuni hukohuko ya kusambaza mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Mkoa wetu wa Ruvuma, unaolima mahindi, unaielewa thamani ya kifaa hicho bila kuhubiriwa.

Nao msafara wa barabarani tunao tangu zamani. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikiwa na tarumbeta, sare na vyeo vya kijeshi, makundi yakishindana kupendeza barabarani. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaieneza bara, na mganda unaochezwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa ni wa ukoo huo. Matarumbeta ya harusi tunayoyaona leo yanafuata njia iliyokwishapitwa.

Hesabu ya Mjimwema

Sasa tuingie gereji. Tuseme gari letu lina wakanyagaji 10, dereva 1 na wapiga matarumbeta 4. Tukimpa kila mtu kilo 65, watu ni kilo 975. Gari lenyewe, likiundwa kwa skwea paipu na ekseli za gari chakavu, tulipe kilo 400. Jumla ni kilo 1,375.

Mtu wa kawaida akikanyaga bila kujitesa hutoa wati 75 hadi 100. Kwenye lami tambarare, kwa kilomita 6 kwa saa, gari hili linahitaji takriban wati 340, yaani wati 34 kwa kila mkanyagaji. Anaweza kukanyaga huku anaimba. Kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, hata mwendo ukishushwa hadi kilomita 4 kwa saa, kila mmoja anatakiwa kutoa wati 97. Hapo wimbo unakatika. Wapiga matarumbeta wakishuka na kupanda kilima kwa miguu, hitaji linashuka hadi wati 79, na muziki unaendelea. Songea ni mji wa vilima chini ya safu ya Matogoro, kwa hiyo utaratibu wa kushuka uandikwe kwenye ratiba ya msafara tangu mwanzo.

Tuje kwenye mashine. Wakanyagaji wakae watano kila upande, wakitazamana. Kila kiti kipeleke nguvu kwa cheni hadi kwenye shafti ndefu iliyolala kutoka mbele kwenda nyuma, na shafti iingie kwenye difu ya pikapu. Hapa mafundi wengi wapya hukwama: wakanyagaji wa kulia na wa kushoto, wakitazamana, wanazungusha kwa mwelekeo unaopingana. Dawa yake ni shafti mbili, moja kila upande, zilizounganishwa kwa gia mbili zinazoumana meno, kwa kuwa gia zinazoumana hugeuza mwelekeo.

Kila kiti kiwe na frii yake. Bila frii, anayechoka anaendelea kusukumwa miguu na wenzake hadi anaumia. Kwa spoketi ya meno 48 na frii ya meno 18, difu ya uwiano wa nne kwa moja, na tairi lenye kipenyo cha sentimita 60, mkanyagaji wa mizunguko 60 kwa dakika anapata kilomita 4.5 kwa saa, mwendo unaofaa vilima vyetu. Akifunga frii ya meno 14 anapata karibu kilomita 6. Vipuri vyote hivyo viko kwenye maduka ya baiskeli na kwa wauza skrepa.

Kinachotangulia vyote ni breki. Gari hili likiachiwa kwenye mteremko wa asilimia 5, baada ya mita 100 tu litakuwa linakwenda karibu kilomita 30 kwa saa, likiwa na watu 15 juu yake. Breki za baiskeli haziwezi kulishika. Zifungwe breki za gari kwenye magurudumu yote manne, na breki ya mkono inayojitegemea kwa waya wake. Zijaribiwe na mifuko ya mchanga kabla hajapanda mtu. Taa, viakisi, na barua ya kikosi cha usalama barabarani vifuate hapo.

Songea ina chuo cha VETA chenye walimu wa kuchomelea vyuma, na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lipo mkoani. Nendeni na mchoro mkononi, hata kama umechorwa kwenye daftari la shule.

Hukumu

Baada ya kuwapanga vinara hawa wote, naona kitu kimoja kinachowatenganisha. Vyombo vilivyoundwa ili vipimwe, kwa urefu au kwa idadi ya watu kwenye mstari, vilitimiza kazi yao siku ya kupimwa, na Oriten sasa iko makumbusho. Vilivyowakalisha watu wakitazamana vingali barabarani, na shindano la Ferndale lililoanza kwa mabishano ya marafiki limevuka nusu karne. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Mjimwema, msiunde gari refu wala zito. Undeni la viti kumi vinavyotazamana, lenye breki nne nzuri na kaunta ya maji ya kunywa, na harusi ya kwanza mtakayoisindikiza iwe ya mmoja wenu.